Picha Isiyobebeka

Garissa, filamu ya eksirei ilikauka upesi kuliko shati. Ukiitoa kwenye tangi la mwisho na kuitundika kwenye kamba nyuma ya idara, hujamaliza kufuta mikono imeshakauka, tena imebeba vumbi la kumtia daktari wasiwasi. Daktari aliishika dirishani, akaona vidoa kwenye mapafu ya mtu, akakunja uso. Nami nikamwambia, hivyo vidoa si vya mgonjwa, ni vya Garissa.

Nilipelekwa huko miaka ya tisini ikianza, binti wa Voi niliyetoka chuoni juzijuzi. Nyumbani walinililia kana kwamba wamenifukia. Mama alinifungia mablanketi, sijui ya nini, maana Garissa blanketi ni kitu cha kukalia. Nilijiambia nitavumilia kidogo, kisha nitafute uhamisho kwa udi na uvumba. Sikuutafuta. Niliupenda ule mji kabla sijajua kwamba naupenda, na sababu mojawapo ilikuwa kile chumba changu cha giza.

Asiyewahi kuingia chumba cha giza hatanielewa, basi nieleze. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, upande mmoja meza kavu ya kupakia filamu, upande wa pili matangi: la dawa ya kutoa picha, la maji, la dawa ya kuikaza picha isifutike, na la kuoshea. Taa ilikuwa moja tu, nyekundu, hafifu. Dawa ile ilitaka ubaridi, na Garissa haina ubaridi wa kumpa mtu. Ikipata joto, picha hutoka nyeusi tititi na mifupa yote imezama humo. Kwa hiyo kila asubuhi nilipitia kwa mwenye duka mmoja wa mtaa wa Iftin aliyekuwa na friza, nikanunua barafu ya mifuko, nikaitia kwenye maji yanayozunguka tangi. Mwenye duka aliamini kwa muda mrefu kwamba nyumbani kwangu kuna sherehe zisizoisha na yeye haalikwi.

Lakini picha ikikubali, jamani. Unaitumbukiza filamu haina kitu, unasubiri, na chini ya ile taa nyekundu mkono wa mtu unaanza kujitokeza kidogo kidogo, kidole baada ya kidole. Nilifanya kazi ile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nilifurahi kama mara ya kwanza. Sioni haya kusema hivyo.

Jambo jingine lililonifurahisha ni jinsi watu wa huko walivyoithamini filamu. Mgonjwa hakutoka mikono mitupu. Mtu akivunjika mguu, mguu ulirudi nyumbani na filamu yake, na ukoo mzima uliisimamisha kwenye jua na kuitazama, kila mmoja na maoni yake. Wazee wakikaa kusuluhisha ugomvi uliozaa mkono uliovunjika, filamu nayo ilipelekwa kikaoni ikapita mkono kwa mkono. Wanawake waliishonea vifuko vya kitambaa ili isikwaruzwe na mchanga safarini. Niliwahi kuona filamu ya kifua iliyofika kwangu kutoka Takaba, imepita kwenye malori yasiyo idadi, na ilikuwa safi kuliko zile za kabati langu. Wao waliiita sawir, picha. Wengine wakijitahidi Kiswahili waliiita bicha, nami sikuwa na haki ya kucheka, maana Kisomali changu kiliwachekesha hadi wakajifunika nyuso kwa shuka.

Sasa, miaka ile ikielekea ukingoni, ikaletwa mashine ya altrasaundi. Hii ilikuwa ya kwanza kwetu kutoa picha bila filamu: unampaka mgonjwa jeli ya baridi tumboni, unapitisha kichwa cha mashine, na picha inaonekana papo hapo kwenye kioo kama televisheni. Haihitaji dawa, maji wala barafu. Wenzangu walishangilia. Mimi nilinuna. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi, na siku ile mashine ilinikera kwa kila kitu chake, hata ule mlio wake wa kujidai. Nilikwenda kusoma kozi yake kwa sababu niliamriwa, nikarudi naijua vizuri na siipendi.

Kuna kitu kimoja mashine ile ilikuja nacho cha kumpa mgonjwa: karatasi nyembamba ya kuchapa picha, imeviringishwa kama risiti za dukani. Siku ya kuipokea mashine wakaja wageni wa heshima, na kila mgeni akataka aone ini lake, kisha akataka achapiwe ini lake aende nalo. Karatasi ikaisha siku hiyohiyo. Tukaagiza nyingine Nairobi. Nairobi wakasema inakuja, nasi tuliokaa kule tulijua neno hilo maana yake nini.

Ni katika kipindi hicho cha kusubiri karatasi ndipo walipoingia wanawake wawili kutoka Ijara.

Mmoja alikuwa mama wa makamo ya juu, mrefu, mkavu, macho makali, amebeba mkoba mkubwa begani. Wa pili alikuwa mke wa mwanawe, msichana mpole mwenye tumbo kubwa mno kuliko miezi yake. Mama alikijua Kiswahili cha sokoni kwa kuuza maziwa, mkwewe hakukijua hata kidogo, hivyo maneno yote yalipitia kwa mama. Nilimwamkia kwa kumwita hooyo, yaani mama, naye akaniitikia kwa kuniita daktari, bila tabasamu. Hapo nilijua hajanikubali. Wasomali mtu akikupenda hukurudishia jina lilelile unalomwita: ukimwita hooyo, naye hukuita hooyo, hata kama umri wako ni wa kuchezea vumbi.

Akanieleza habari yao kwa kifupi. Mwanawe na ndugu zake walikuwa wanajiandaa kuhama na mifugo kufuata malisho mbali, ndani kabisa. Mimba ya kwanza ya binti huyu ilitoka njiani, katika kuhama kama huko, na nusura aondoke nayo. Sasa tumbo hili kubwa limeleta maneno. Mashemeji wanasema ni maji, au ni unene, au ni mimba iliyokaribia kuliko wanavyohesabu wanawake, na kwa vyovyote vile atapanda ngamia kama wake wengine wote. Mama alishuku ni mataano, mapacha. Kama ni mapacha, alitaka binti abaki Garissa, kwa ndugu zao wa Iftin, karibu na hospitali, mpaka ajifungue. Ila wanaume hawakusadiki vidole vya mwanamke vinavyopapasa tumbo. Walisema, leta sawir.

Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha kitambaa chekundu, kipya, kimeshonwa kwa saizi kamili ya filamu kubwa. Jirani yake miaka ya nyuma alikuwa amepigwa eksirei ya tumbo papa hapa, filamu ikaonyesha watoto wawili, na ile filamu ilimaliza ubishi nyumbani siku moja. Alilolitaka ndilo hilo.

Ni kweli zamani tulifanya hivyo, kwa kukosa njia nyingine. Lakini mionzi kwa mtoto aliye tumboni si jambo la mchezo, na sasa kwa kuwa tulikuwa na mashine isiyo na mionzi, daktari asingenikubalia, nami nisingekubali. Nikamweleza mama. Akanisikiliza uso mkavu, akaninyooshea kifuko chake kana kwamba ubishi wangu ungeingia humo ukakaa.

Basi nikamlaza binti, nikampaka jeli, akashtuka kwa baridi, nikaanza. Na pale pale, kabla hata sijatulia, wakatokea. Vichwa viwili. Migongo miwili. Nikatafuta mioyo nikaipata, mmoja unapepesa huku, mwingine unapepesa kule, kila mmoja na mwendo wake. Mmoja alikuwa ametangulia kwa kichwa chini. Wa pili amekaa wima, miguu amekunja, hana habari na mtu. Nilisahau kununa. Nilicheka kwa sauti, nikamshika binti mkono nikamwambia ni wawili na wote wako hai, na mama akalitafsiri, na binti akafumba macho machozi yakamtiririka masikioni.

Mama hakulia. Alikitazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Daktari, bicha iko wabi?"

Nikamwambia picha ndiyo hiyo, iko kwenye kioo.

"Kioo nabaki hapa," akasema. "Mimi nakwenda Ijara. Nabeba nini?"

Nikapandisha sauti, ndiyo tabia yangu nikibanwa. Nikaanza kumweleza habari za karatasi, Nairobi, wageni wa heshima na maini yao. Nikamwambia nitaandika barua ya daktari. Akasema barua ni ya mwenye kusoma, na kwao kila mtu anajua kutazama bali wachache wanajua kusoma. Kisha akaisogelea ile mashine, akaizunguka hadi nyuma, akachungulia nyaya zake. Mjini kulikuwa na nyumba za kuonyesha video wakati ule, na mama alikuwa amewahi kuziona.

"Hii ni kaset," akasema. "Umeweka watoto ya mtu ingine."

Hasira ilinipanda hadi utosini. Mimi, niliyebeba barafu miaka yote ile kwa ajili ya mifupa yao, naambiwa nimeweka kaseti. Nilikuwa nafungua kinywa kumjibu wakati yeye, bila kuomba ruhusa ya mtu, alipomwambia mkwewe ashuke, akavua viatu, akapanda kitandani mwenyewe, akalala chali, akafunua tumbo lake kavu.

"Weka," akaniamuru.

Nikaweka. Nilikuwa nimeudhika bado, lakini nikaweka. Nikapitisha kichwa cha mashine upande huu, nikapitisha upande ule. Kibofu kikaonekana, matumbo yakaonekana, hewa ikaonekana. Mama aliinua shingo akikodolea kioo kwa umakini ambao sijaona mwanafunzi yeyote akiwa nao.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna, hooyo."

"Hata mimi najua."

Na hapo uso wake ukafunguka, akacheka, akacheka mpaka jeli ikamwagika. Mkwewe akacheka. Mimi nami hasira ikaniponyoka nikacheka hadi nikakaa chini. Akashuka, akampandisha binti tena, nami nikaweka tena, na wale wawili wakatokea tena vilevile, mmoja kichwa chini, mmoja amekaa. Kuanzia hapo mama hakunipa nafasi ya kupumua. Hiki ni nini. Kichwa. Mbona duara. Nikamwambia ni fuvu. Akasema ni kama mdomo wa chombo cha maziwa ukikitazama kwa juu, nikakubali kwamba ndivyo hasa. Hii mistari je. Uti wa mgongo. Akagusa tasbihi yake akaikunjua kidogo kidogo akilinganisha. Aliniomba nimwonyeshe mioyo mara nyingi, na kila nikimwonyesha alikuwa akinong'ona kitu kwa Kisomali, kama mtu anayejikariria, nami sikujua ni nini. Nilidhani ni dua.

Wakaondoka. Binti alibaki Iftin kwa ndugu kusubiri neno la wanaume, mama akapanda lori kurudi Ijara na kile kifuko kitupu mkobani. Nilimwona akipita getini, na roho iliniuma. Nilijua wanaume hawatamsadiki, na kwa nini wamsadiki: mwanamke anarudi bila ushahidi, anadai ameona kwenye kioo. Nilirudi chumbani kwangu cha giza nikamlaumu kila aliyebeba picha ya ini lake. Siku zilizofuata nilikuwa mkali kwa wagonjwa bila sababu, na kila mwanamke mwenye mimba akiingia niliangalia kama ni yule binti, kwa kuwa nilihofia siku moja nitasikia amekwisha kupandishwa ngamia.

Kisha asubuhi moja nikawa napakia filamu, nikasikia kelele nje kwenye foleni. Si kelele za ugomvi. Ni makofi. Nikatoka. Wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walikuwa wakipiga makofi kwa mpangilio, na mmoja wao, mama mnene kutoka upande wa kusini, uliko Ijara, alikuwa akighani. Ilikuwa buraanbur, utenzi wa wanawake wa Kisomali, ambao wanautunga kwa harusi na kwa mambo makubwa na kuubeba kichwani. Nilimwuliza aliyeketi mwisho wa benchi, unasemaje. Akanitafsiria huku akicheka.

Utenzi ulisema kuna nyumba mbili zilizolala kitanda kimoja mjini. Nyumba ya kizee ilifunguliwa mlango, ikaonekana tupu, imefagiwa, hakuna hata paka. Nyumba ya msichana ilifunguliwa mlango, ndani wamo wageni wawili. Vichwa vyao midomo ya vyombo vya maziwa, migongo yao tasbihi mbili. Mmoja ana haraka, ameshainama mlangoni avae viatu. Mwingine amekaa, anasubiri chai. Mioyo yao inapepesa, na haikubaliani nani aanze. Na mwisho wake ulikuwa swali kwa wanaume: wageni wawili wamebisha hodi kwenu, je, nyinyi mnahama?

Nilisimama pale na koti langu jeupe nikalia mbele ya wagonjwa wangu, kilio cha furaha, bila aibu. Picha ilikuwa imesafiri hadi Ijara na kurudi. Haikuwa na kidoa hata kimoja cha vumbi. Nikamwuliza yule mama mnene, wanaume walijibu nini. Akasema utenzi haukufika na jibu, ila kule kwao watoto wameshaanza kuwacheka wale mashemeji kwa kuwauliza kama chai imeiva.

Jibu lililetwa na binti mwenyewe. Alikuja kliniki amebeba chombo cha maziwa amenifungia, na kwa ishara na maneno machache ya Kisomali changu kibaya nikaelewa: mumewe alikuja hadi Iftin, akafunga uani mbuzi wawili wa kukamwa, mkewe abaki akinywa maziwa, kisha akarudi kwa mifugo. Mtu haachi mbuzi wa maziwa kwa mke anayemhamisha. Niliyanywa yale maziwa nikiwa nimesimama, nikampa chombo chake, na tangu siku hiyo niliacha kuisema vibaya mashine ile.

Walizaliwa hospitalini, wavulana wawili, kwa salama. Wa kwanza alikuja kwa kichwa, na haraka yake ilikuwa ya kweli. Wa pili alikuja kwa matako, taratibu, na wakunga walisema kwamba kama ingekuwa porini, hapo ndipo mambo yangeharibika. Lakini haikuwa porini.

Mama alifika kutoka Ijara wakati wajukuu bado wako wodini. Alikuja moja kwa moja idarani kwangu. Tukakumbatiana, tukazungushana. Kisha akafungua mkoba, akatoa kifuko chekundu, kitupu vilevile, akaniwekea mezani.

Nikamwambia, hooyo, watoto wenyewe wako hapa, filamu ya nini tena? Akasema kifuko kimeshonwa.

Kupiga watoto wazima eksirei kwa sababu ya kifuko nisingefanya. Lakini nilikumbuka mchezo wetu wa chuoni: ukiweka kitu juu ya filamu isiyotumika ndani ya chumba cha giza, majani au funguo, ukamulika tochi mara moja tu, palipofunikwa patabaki peupe na kwingine kote kutakuwa kweusi. Hakuna mionzi wala mashine, ni mwanga mdogo tu. Nikamwambia alete wajukuu.

Tukaingia mimi na yeye na wale wawili, mmoja mmoja, upande wa meza kavu, mbali na madawa. Nikafunga mlango, ikabaki taa nyekundu. Mama akasema bismillahi, akamkaza mtoto kifuani. Nilitandaza filamu, nikaukunjua mkono wa yule mwenye haraka, naye akautandaza mwenyewe vidole vyote, kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa. Nikafunika upande wa pili, nikamulika. Wa pili alikataa. Tulimbembeleza, tukampuliza, mama akamwimbia. Ngumi ilibaki ngumi. Basi nikamulika ngumi.

Nikaitumbukiza filamu kwenye dawa na mama amesimama begani kwangu. Alikuwa hajawahi kuona picha ikizaliwa. Mkono ulipoanza kujitokeza, vidole vitano vyeupe, na pembeni yake ile ngumi ndogo, alinishika kiwiko na hakukiachia mpaka nilipoiosha.

Tukatoka nje. Ilikauka kabla hatujafika kivulini. Aliiinua kwenye jua kwa mikono miwili, kama wafanyavyo kwao, akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Mkwewe alikuwa ameketi kibarazani na watoto mapajani. Nilisubiri kusifiwa. Mama akakunja uso.

"Mifuba iko wabi?"

Nilitaka kueleza habari za mwanga na mionzi, nikaacha. Yeye alikuwa ameshainama. Aliushika mkono wa yule wa kwanza akaubonyeza polepole kwa kidole gumba, kifundo hadi ncha, kisha akaichukua ile ngumi ya wa pili, akaipapasa yote, akasikiliza kwa vidole. Halafu akaitia filamu kifukoni, akakifunga kamba, akaniangalia.

"Iko," akasema. "Yote iko, hooyo."